Wimbo wa Saba Hauna Maneno

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mjukuu wangu,

Huna haya hata kidogo. Naanza na hilo nisije nikalisahau nikishaingia kwenye salamu.

Haya, salamu sasa. Mimi mzima. Magoti yananisema kila nikiinuka, na jicho la kushoto limeshaniaga, uzi natunga kwa kupapasa. Lakini mkono hautetemeki. Miaka arobaini na moja nipo kwenye cherehani hii na sijawahi kumpa mtu nguo inayompwaya, uliza yeyote. Na wewe hujambo? Unakula? Kwenye ile picha ya jalada shingo yako imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa, na koti ulilovaa, kola yake imeshonwa na adui yako.

Nakuandikia kwenye daftari langu la vipimo. Ukigeuza ukurasa ukakuta kifua arobaini na nne na kiuno hamsini, huyo ni mke wa mwalimu mkuu. Usimcheke, huleta kitambaa kizuri. Na simu usinipigie. Simu humfanya mtu aseme kabla hajafikiri. Mimi darasa nililofika ni la tatu tu, lakini kuandika najua, na nikiandika nimeandika.

Diski yako imefika. Nimeisikiliza yote mara mbili huku nakunja pindo za sare za wauguzi. Nyimbo kumi na moja. Sita zina maneno. Tano hazina. Sasa niambie wewe uliyesoma: mteja akiniletea kitambaa cha magauni kumi na moja, nikampa sita yana mikono na matano hayana, atasema mimi fundi au atasema mimi mwizi? Mmechoka katikati? Mlipungukiwa na vinywa? Mko wanne humo ndani, na huyo mpiga dramu mnayemwita Kijiko nasikia ana mdomo mrefu kuliko wote. Na gitaa lako, wewe mtoto, linalia kama bati linaloburutwa kwenye saruji.

Wimbo wa tatu, huo "Ulifunga Mlango", redio imeung'ang'ania kama mtoto aliyeshika titi. Asubuhi huo, mchana huo. Wasichana wakija kupimwa wanauimba nimewashika kiunoni. "Mama, mama, ulifunga mlango, nami nilikuwa ndani nikikuita." Mama Vifungo, si unamkumbuka, yule mwenye meza ya vifungo na zipu mkabala na duka langu, anaucheza kwa mabega, na umri wake ule! Umemwanika mama yako kwenye kamba, kila apitaye amguse. Ya nyumbani ni ya nyumbani.

Na wimbo wa saba uondoe. Usiniulize kwa nini. Uondoe, uweke mwingine, au acha pengo.

Nina sare tisa za kumaliza. Jibu upesi.

Bibi yako, mwenye akili zake zote

*

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka Kijiko akaninyang'anya barua, naye akaisoma kwa sauti mbele ya bendi nzima. Anasema anakuamkia, na kwamba hajawahi kutukanwa vizuri namna hiyo. Sisi wazima. Nakula. Kola nitaibadilisha ukinishonea wewe.

Hatukuchoka, Bibi. Zile tano ndivyo zilivyokusudiwa. Nyimbo za maneno ni za kuwaita watu waingie, wazishike upesi, waziimbe barabarani. Wakishaingia, ndipo tunawapigia zile nyingine, ambazo sisi wenyewe ndizo tulizozitaka. Kampuni ilitukatalia mwezi mzima. Walitaka zote ziwe kama ya tatu. Tuliwaambia chukueni kumi na moja au msichukue hata moja, wakanuna, wakachukua.

Kuhusu wimbo wa tatu, sikuelewi. Unasema nimemwanika mama. Bibi, kila mstari nimeutoa mdomoni mwako. "Mama yako alifunga mlango akaenda zake, hakugeuka hata shingo." Nani aliniambia hivyo? "Alikusahau kama mtu anavyosahau mwavuli." Nani? Nilikuwa nikilia unaniambia, nikifaulu mtihani unaniambia, siku nilipovunja ungo uliniambia ili nisije nikawa kama yeye. Mimi nimetia tuni tu. Nilidhani ungejivuna.

Na wimbo wa saba hauwezekani kuondolewa, diski zimeshatoka. Lakini kwa nini huo? Ni wako! Ngoja nikueleze ulivyozaliwa. Kijiko aliniuliza sauti ya kwanza ninayoikumbuka maishani ni ipi. Nikamwambia cherehani ya Bibi. Nikamgongea mezani jinsi kanyagio lako linavyochechemea, tatu nzito na moja nyepesi, tatu nzito na moja nyepesi. Akalipiga hivyo hivyo kwenye dramu, na halinyamazi tangu mwanzo mpaka mwisho. Juu yake nikaweka mluzi. Ule mluzi ninao tangu nikiwa mdogo, nikikaa chini ya meza yako juu ya vipande vya vitambaa. Sijui niliutoa wapi. Naona niliubuni mwenyewe.

Sasa habari kubwa. Tarehe 21 Juni, saa kumi jioni, tunapiga kwenye ukumbi wa mji huko huko kwenu! Tutafungua na wimbo wa tatu. Nimekuwekea kiti cha mbele kabisa. Vaa lile gauni la kijani.

Nakupenda.

Mjukuu wako

*

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima, magoti vile vile.

Nilikwambia usiulize, ukauliza. Nilikwambia ondoa, ukaniletea hadithi ya Kijiko. Kama diski zimetoka, zirudishwe. Nguo yenye kasoro hurudi kwa fundi. Hao wa kampuni ni watu gani wasiojua hilo?

Mluzi wenyewe hujui kuupiga. Umeuvuta mwishoni pale pasipovutwa. Mwacheni mtu apige mluzi anayejua.

Unasema maneno nimekupa mimi. Nilikupa ya kukulea, sikukupa ya kuchezea dansi. Mama yako naye alikuwa hivi hivi, kila nikimwambia neno analipeleka kwenye gitaa, kila nikimkataza jambo ana swali mdomoni, na alikoishia unakujua. Wewe umekula chakula changu, umevaa mshono wangu, umesomeshwa na miguu yangu hii. Mama yako alikula nini? Basi ukitaka kumfuata yeye, mfuate.

Na Mama Vifungo akikuandikia usimjibu. Juzi wimbo wa saba ulipopita dukani aliangusha kopo zima la vifungo, tukaokota mpaka jioni, yeye analia kama mjinga. Amezeeka huyo. Akili zinaingia na kutoka.

Kwenye ukumbi sitakuja. Nina kazi.

Bibi yako

*

Jumapili, tarehe 20 Aprili

Bibi,

Sikuamkii leo. Wala sitakuuliza magoti.

Mama Vifungo hakuniandikia. Wala isingenijia akilini kumuuliza kama usingenikataza. Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuja mwenyewe. Hukuniona, kwa sababu nilisimama upande wa jicho lako la kushoto, mkabala na duka, kwenye meza ya vifungo. Ulikuwa unashona kitu cha buluu. Mama Vifungo alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hapo hapo uliposimama, ndipo alipokuwa akisimama yeye."

Amenieleza. Mama alikwenda kuimba na bendi yake wiki sita, akaniacha kwako. Wiki sita! Akarudi, akakuta umetia komeo. Akarudi tena. Kila Ijumaa saa tisa, kwa miezi, anasimama pale anapiga mluzi, na mimi nipo ndani. Na wewe, kila akianza mluzi, unakanyaga cherehani. Mama Vifungo alikuwa anakuona dirishani. Anasema ulikuwa unakanyaga bila kitambaa. Sindano inapanda inashuka, chini hakuna kitu.

Nikataka kumwambia anasema uongo. Nikaweka vidole mdomoni, nikapiga ule mluzi mara moja, taratibu, wala sikuvuta mwisho.

Ukaongeza mwendo. Hukuinua hata kichwa. Kitambaa kilianguka chini na ukaendelea kukanyaga.

Kisha akaniambia mama alikufa kwenye chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, mwendo wa dakika kumi kutoka kitandani kwangu. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Ukaniambia ameenda zake. Miaka ishirini na mitatu unaniambia ameenda zake. Ukanifundisha kumchukia, na mimi, kwa kuwa najua kutia tuni, nikaifundisha nchi nzima. Watoto wa shule wanaimba kwamba mama yangu alinisahau kama mwavuli.

Ulivyojisifu maisha yako yote kwamba unampima mtu kwa jicho tu. Mwanao ulimwona vipi, Bibi? Alikutosha wapi, akakubana wapi, hata ukamtupa?

Nataka neno moja, ndiyo au hapana. Usiniletee habari za sare.

Binti wa mama yake

*

Jumanne, tarehe 27 Mei

Bibi,

Wiki tano hujajibu. Mama Vifungo anasema unafungua duka kama kawaida na hutaki kuamkiwa.

Nimewaambia wa kampuni sitaki kuuimba wimbo wa tatu. Wamesema tiketi zimeuzwa kwa ajili ya wimbo huo, nimetia sahihi, nitauimba. Basi nitasimama mjini kwenu, mita mia tatu kutoka chumba alichofia, nimtukane mama yangu huku watu wanapiga makofi. Na ukumbi utakuwa umejaa watu waliomwona pale mlangoni kila Ijumaa. Nao wananyamaza kama wewe.

Kama una la kusema, ni sasa. Usiposema, sitakuandikia tena, na siku ukifa nitaambiwa na watu.

Mimi

*

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mjukuu wangu,

Wewe ni mjinga, na mjinga mwenye sauti kubwa. Unakuja mpaka mlangoni pangu halafu unasimama kwa muuza vifungo? Mlango ulikuwa wazi. Siku hizi siufungi.

Hukuniamkia, basi nami siitikii. Tuko sawa.

Jibu ni ndiyo.

Ungeweza kuishia hapo, neno ulilotaka umelipata. Lakini kazi nusu siijui, kwa hiyo soma yote, na ukimaliza usiwasomee hao wenzako.

Mama Vifungo hajui kuhesabu. Haikuwa "miezi". Zilikuwa Ijumaa kumi na tisa. Ya kumi na mbili mvua ilinyesha, akasimama vile vile, kiatu kimoja kimefunguka mbele. Nilikiona. Nilikuwa naona vizuri wakati ule, macho yote mawili.

Unataka kujua kwa nini. Ukiulizwa useme bibi yangu alichukia gitaa, na watu wataamini, maana nililichukia kweli. Lakini si hilo. Aliporudi ile mara ya kwanza, wewe ulikuwa umeshaanza kuniita mama. Wiki sita tu. Ulikuwa unatambaa na vitambaa chini ya meza, ukainua uso, ukaniita mama, nami nikaitika. Yeye nilimzaa nikiwa na miaka kumi na saba, nikamlea kwa kofi na haraka, hakuwahi kuniita kwa sauti kama ile yako. Nikasikia anabisha hodi. Nikainuka kumfungulia. Mkono ukashika komeo, na badala ya kulivuta ukalisukuma ndani zaidi. Ndivyo ilivyokuwa. Sikukaa kulifikiria. Nilikuja kulifikiria baadaye, na bado sikulivuta.

Ijumaa ya pili alikuita kwa jina lako, ukashtuka, ukakimbilia mlangoni. Nikamwambia kupitia ufa: ukiliita tena jina lake, ukisema neno moja tu asikie, namhamisha na hutajua nilikompeleka. Hakusema tena neno. Akapiga mluzi. Ni ule aliokuwa anakulalishia, na maneno ulikuwa nayo, mazuri tu. Ndiyo sababu wimbo wako wa saba hauna maneno. Mimi ndiye niliyeyakataza.

Nami nikakanyaga ili usisikie. Kumbe ulikuwa unasikia vyote viwili.

Ijumaa ya ishirini hakuja. Nikakaa na miguu kwenye kanyagio mpaka jua likatua. Jumatatu mwenye mashine ya kusaga akaja kunipa habari, kifua kilikuwa kimembana tangu ile mvua. Nilimshonea gauni la kuzikiwa. Sikwenda kumpima, vipimo vyake nilikuwa navyo daftarini, hili hili, ukurasa wa kumi. Nikashona kwa vile. Walipomvalisha, lilimpwaya. Mabegani, kifuani, kila mahali. Alikuwa amekwisha, na mimi nilikuwa nimemtazama dirishani Ijumaa kumi na tisa nisilione hilo. Nikawaambia watu watoke, nikalitia pini kwa nyuma.

Kwa hiyo ile barua yangu ya Machi, niliposema sijawahi kutoa nguo inayopwaya, nilikudanganya. Hilo nalo ondoa.

Baada ya hapo ukaacha kuniita mama, kwa sababu nilikurekebisha. Nilikwambia mimi ni bibi. Sikuweza kulisikia lile neno tena. Na kila ulipouliza yuko wapi, nikakupa uongo mpya, na kila uongo nikaushona mara mbili usifumuke. Ule wa mwavuli niliubuni nikiwa napiga pasi.

Siku ile uliyopiga mluzi barabarani nilikusikia. Sikujua ni wewe. Nilidhani ni yeye amerudi, na miguu ikaanza yenyewe. Sasa unajua mimi ni mtu wa namna gani. Hata aliyekufa akirudi, sifungui.

Usiningojee nilie. Karatasi ikilowa inajikunja, na kalamu nimeazima kwa Mama Vifungo. Wala sikuombi kitu, kwa hiyo usihangaike kukitoa wala kukinyima. Nilikuambia pia wimbo wa saba una kasoro, uondolewe. Nilikosea. Umekwisha, usiuguse, na huo mwisho unaouvuta uendelee kuuvuta, maana hata yeye aliuvuta Ijumaa ya mwisho, nami nilijifanya sikumbuki.

Wa tatu ndio wenye kasoro. Sasa sikiliza, maana hii ni kazi ninayoijua.

Ule mstari wa mwavuli ukate, utupe. Hakukusahau. Mengine yote yaache yalivyo, mlango ulifungwa kweli na ulikuwa ndani kweli. Kilichokosewa ni neno moja. Nimekaa nalo wiki hizi zote, nalipima kwa mdomo huku cherehani inakwenda. Mama. Bibi. Urefu ule ule. Linakaa pale pale, hutahitaji kupunguza wala kuongeza, na Kijiko hatabadilisha hata pigo moja. Watu waliouzoea wataukamata mara ya pili tu, na wiki itakayofuata wasichana watauimba dukani nimewashika kiunoni, na mke wa mwalimu mkuu, na Mama Vifungo kwa mabega yake, nami nitakuwa nimekaa hapo nakunja pindo.

Kiti cha mbele nitakaa mimi. Gauni la kijani nimelipunguza, nami nimepungua. Usinishukie kunisalimu, usininyooshee kidole, usiwaambie mimi ni nani, wanaojua wanajua. Na usiuimbe kwa huruma, nitainuka nitoke.

Fumua mama, shona bibi, na tarehe 21 uimbe kwa sauti yako yote.

Bibi